Joto la Usiku Baada ya Miaka 45

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: kukoma hedhi, na dawa za homoni ambazo baadhi yetu wameanza kuziulizia.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Mama akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine, huhesabiwa kuwa amekoma hedhi. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Ndipo joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho hulowesha shuka, usingizi hukatika na uke huwa mkavu.

Huku kwetu Shinyanga na Geita dalili hizi hupewa majina mengine. Wapo akina mama wanaotuambia kuwa kila walipotokwa jasho usiku walimeza dawa mseto ya malaria bila kupima. Wake wa wachimbaji husema kuwa mume akirudi kutoka machimboni, maumivu ya tendo la ndoa huyaona kama kukataliwa. Wengine huogopa kutoka nje kupunga upepo usiku wa manane, wasije wakaambiwa wanawanga. Hofu hiyo ina msingi. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni.

Je, dawa za homoni husaidia? Ndiyo, kwa joto na jasho ndizo zenye nguvu kuliko zote. Lakini zina masharti. Mama mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa homoni ya pili, projesteroni, ili kuulinda mfuko huo na saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda kwenye mishipa au ugonjwa mkali wa ini, kwa kawaida hapewi. Mwenye shinikizo la damu hutibiwa hilo kwanza.

Wengine wamesikia kuwa dawa hizi huua. Habari hiyo ilienea mwaka 2002, pale uchunguzi wa Marekani kwa wanawake zaidi ya 16,000 uliposimamishwa kabla ya muda wake. Waliotumia homoni mbili pamoja walionekana kupata saratani ya matiti na kiharusi kwa wingi kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Leo inafahamika kuwa mama mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi hupata faida kubwa kuliko madhara.

Tafadhali, vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yako visitumike kama tiba ya joto hili. Dozi yake ni tofauti, na kwa mama wa makamo vinaweza kugandisha damu. Usinunue homoni dukani kwa kusikia tu. Anzia zahanati au kituo cha afya: upimwe malaria, presha na matiti. Daktari akiona inafaa, atakupeleka hospitali ya mkoa, au Bugando, Mwanza. Na damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata tone, nenda mapema, maana yaweza kuwa dalili ya saratani.

Asiyeweza kutumia homoni asikate tamaa. Zipo dawa nyingine ambazo daktari anaweza kumpa. Nguo nyepesi za pamba, kuacha pombe na kupunguza chai ya moto jioni huwasaidia wengi. Kwa ukavu, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kiasi kidogo sana huingia katika damu.

Zaidi ya yote, mweleze mume wako, na waeleze wakwe na binti zako. Nyumba inayojua kwa nini mama ameamka usiku itamtetea jirani atakapoanza kunong'ona.

Tukutane mwezi ujao.