Baridi ya Mbulu na Jua Lake

Mgeni apandaye kutoka Babati kwenda Mbulu kupitia Dareda huvaa sweta kabla hajafika. Kwa sababu ya baridi hiyo wapo wanaoamini kwamba mtu mwenye ualbino ana nafuu huku kuliko Dar es Salaam, kama vile watu wa nywele nyekundu na ngozi nyeupe wanavyostawi Uskoti. Kauli hiyo nimeisikia hata kwa walimu, nami naiona ina hatari.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilikaa na wenzangu wa namna hiyo. Wekundu wa nywele zao hutokana na mabadiliko katika jeni iitwayo MC1R, uhusiano uliobainishwa mwaka 1995. Kule, wakati wa majira ya baridi, jua hupita chini sana hata ngozi ikashindwa kutengeneza vitamini D kwa miezi kadhaa. Wataalamu wengi huona kwamba ngozi nyeupe ilienea huko kwa kuwa hutumia vema mwanga haba. (Hata hivyo, wenzangu hao waliungua siku ya kwanza ya kiangazi.)

Mbulu iko kama nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Hewa ya mlimani hupoza mwili, lakini haizuii mionzi. Wala ngozi nyeusi haipungukiwi hapa: vipimo vya Wamasai na Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Yaeda Chini wilayani Mbulu, vilivyochapishwa mwaka 2012, vilionyesha wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiasi cha kutosha kabisa.

Mwenye ualbino ana melanini kidogo mno, au hana kabisa. Mtoto wa Dar es Salaam hukimbilia kivuli kwa sababu ya joto. Wa Mbulu hutoka nje asubuhi kuota jua, akakaa humo hadi saa sita bila kuhisi lolote. Ngozi humwasha usiku. Miaka ikipita hivyo, vidonda vya saratani huanza angali kijana.

Nawaomba walimu wakuu wa Mbulu na Hanang wawaruhusu watoto hawa kuvaa kofia pana, mikono mirefu na suruali au sketi ndefu hata kwenye gwaride, na wasiwapangie zamu ya shamba la shule mchana, hata siku ya mawingu.