Usiniambie Seli ni Mambo ya Wazungu

Wasee, kuna swali limenichosha hapa Kangeta: "Sayansi ya maabara itatusaidia nini sisi watu wa miraa?" Leo nalijibu, tena kwa lugha ya miraa.

Miraa ikikaa siku mbili tatu inakauka, bei inaanguka. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia kuziba jeraha, nazo hazikai: benki ya damu huzitunza kama siku tano tu. Tena hazina kiini, kwa hivyo huwezi kuziwekea jeni mpya. Sasa mtu anayetaka kuchunguza kipokezi kimoja kilicho juu yake afanyeje? Anachukua jeni ya hicho kipokezi, anaiingiza kwenye seli za ovari ya hamsta zinazoitwa CHO, ambazo zimekuwa zikizaliana maabarani tangu miaka ya 1950. Anaweka dawa inayoua seli ambazo hazikupokea jeni. Kwa zilizobaki anachagua bora na kuizalisha, vile mkulima anachagua chipukizi la mti mzuri.

Faida? Chukua kipokezi CD36. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba chembe sahani zinaweza kugandanisha chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria, na tabia hiyo ilihusishwa na malaria kali. CD36 ndiyo gundi yenyewe. Ukiwa na seli za CHO zilizobeba CD36, unaweza kutafuta kinachozuia huko kushikana bila kungoja damu mpya kila wiki.

Bado haituhusu? Sisi wa mlimani tunashuka Pwani kuuza miraa, na miili yetu haijazoea malaria kama ya wenyeji wa huko.

2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, tukabaki kupiga kelele. Ukiuza mali ghafi tu, sheria inaandikwa na mwenye soko. Tukiendelea kutoa damu ya utafiti bila vijana wetu kujua kutengeneza hizo seli, hata majibu tutayanunua.

Kwa hivyo mkija kuomba kura, msituonyeshe basari peke yake. Chuo kikuu kiko Nchiru, hapa hapa Meru. Mtaweka pesa ngapi kwa maabara ya seli, friza, umeme usiokatika na mafundi?

Hatukatai kuuza miraa. Tunakataa kuambiwa akili zetu zinaishia hapo.