Ruthu Hakupelekewa Chakula Nyumbani

Tunapohubiri kitabu cha Ruthu tunausifu sana moyo wa Boazi. Ni sawa, lakini kabla ya moyo wa Boazi palikuwa na sheria. Mambo ya Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24 zilimpa mgeni haki ya kuingia katika shamba la mwenye mali na kuokota masazo. Ruthu Mmoabu alimuaga mkwewe, akaenda kazini. Jioni alirudi na efa ya shayiri aliyoipura kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mpelekeni Ruthu Nyarugusu. Kambi ile ya Kasulu ipo tangu 1996; wamo waliozaliwa humo na leo wana watoto wao. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hukaa katika eneo alilopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Ruthu angekamatwa njiani, kapu likiwa tupu. Angerudishwa kungoja mgawo, nao mgawo hupunguzwa wafadhili wanapochoka. Akitoka kwa kujificha akapata kibarua, mwenye shamba humlipa apendavyo, maana anajua huyu hana pa kulalamika. (Na wenye mashamba wengine Jumapili huketi viti vya mbele.)

Halafu tunaambiwa wakimbizi ni wavivu, wamezoea kupewa! Mtu umemfunga mikono, kisha unamcheka kwamba halimi.

Wapo ndugu wanaosema: nchi yetu ni maskini, tuwatazame wetu kwanza, na usalama je? Si maneno ya kupuuzwa. Ni kweli pia kwamba mataifa tajiri yametuachia mzigo. Lakini nchi hii ilikwisha kulijibu swali hilo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na TCRS, shirika lililozaliwa mwaka 1964 katika familia yetu ya Kilutheri, lilishiriki kuyajenga makazi hayo. Walilima mahindi na tumbaku, wakajilisha, wakalipa kodi. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wamepewa uraia. Nchi haikuanguka. Na huyo Ruthu, ambaye hakuwa “wetu”, Mathayo amemwandika katika ukoo wa Bwana.

Nguo na mahindi vya wakimbizi viendelee kukusanywa usharikani, hatukatazi. Ila sadaka inayokwenda kambini mwaka baada ya mwaka, huku kanisa likiinyamazia sheria inayomzuia mtu kula jasho lake, inamlea awe ombaomba. Tunataka vibali vya kwenda kazini vitolewe bila mizunguko, masoko ya pamoja na wanavijiji yarudishwe, na kibarua alipwe ujira ule ule anaolipwa mwenyeji. Wabunge huja kwenye harambee zetu, tukawapa kipaza sauti. Mara hii waulizwe hayo kwanza, kabla bahasha haijapokewa.