"Mwisho wa Siku" ni Magharibi
Msemo wa Kiingereza "at the end of the day" una mahali pake: hutangulia hukumu baada ya hoja kupimwa. Yasikitisha kuwaona wanafunzi wa Kiswahili wakiutafsiri sisisi katika tasnifu: "Mwisho wa siku, mhusika huyu ni jasiri." Siku ipi hiyo? Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huisha jua linapotua. Usiku wa Jumatatu hutangulia mchana wake. Msomaji wa Lamu atadhani ujasiri ulingoja magharibi! Anayehitimisha ana "hatimaye", ikiwa tukio limefuata mengine, na "yote tisa, kumi", ikiwa hoja moja imezishinda nyingine. Wahadhiri wasioitia kasoro hii wino mwekundu nao wana lawama.