Mcheza Kwao Hutunzwa

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na huko mchezo wa badmintoni, yaani mpira wa vinyoya, una heshima ambayo kwetu hupewa kandanda. Yaliyowafika katika miaka ya karibuni wanaume wake wanaocheza mmoja kwa mmoja yana funzo kwa kila mkaazi wa visiwani, na zaidi kwa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya kuwalea vijana.

Sifa ya nchi hiyo haikuja kwa bahati. Rudy Hartono, kijana wa Surabaya, alitwaa ubingwa wa mashindano ya All England mara 8 kati ya mwaka 1968 na 1976. Badmintoni ilipoingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992, medali ya dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Alan Budikusuma. Na mwaka 2004, huko Athens, ikaenda kwa Taufik Hidayat. Kisha mavuno yakapungua. Tangu Hariyanto Arbi aliposhinda All England mwaka 1994, ilipita miaka 30 kabla Jonatan Christie hajaurudisha ubingwa huo mwaka 2024, kwa kumshinda mwenzake Anthony Ginting katika fainali. Miezi michache baadaye, katika Olimpiki ya Paris, wote wawili walitolewa katika hatua ya makundi.

Chama cha mchezo huo nchini humo, kilichoundwa mwaka 1951, huwakusanya wachezaji bora katika kambi ya taifa iliyoko Cipayung, Jakarta. Humo kijana hupata malazi, mwalimu na nauli, na ratiba yake hupangwa na wakubwa. Utaratibu huo umezaa matunda mengi, na hatuna haki ya kuubeza. Mtoto wa mtu mnyonge hawezi kujilipia safari za kwenda kushindana Ulaya, hata akiwa na kipaji cha namna gani.

Hata hivyo, mwezi Mei 2025, Jonatan Christie aliiaga kambi hiyo akiwa na umri wa miaka 27, ili ajitegemee na apate nafasi zaidi ya kuwa na familia yake. Ni rahisi kwa kiongozi kuuona uamuzi wa namna hiyo kuwa ni utovu wa fadhila. Lakini matokeo yalijieleza yenyewe. Mwezi Septemba mwaka huo huo alishinda mashindano ya Korea. Na mwezi Oktoba akashinda ya Denmark, ambako katika fainali alimwangusha Shi Yuqi wa China, bingwa wa dunia wa mwaka huo.

Majirani zao wa Malaysia walikwisha kuonja uchungu wa kushughulikia jambo kama hili kwa hasira. Lee Zii Jia alipojitoa katika chama cha taifa mwezi Januari 2022, alifungiwa miaka miwili asishindane nje. Adhabu hiyo iliondolewa baada ya siku chache, na mchezaji yule yule akawaletea Wamalaysia medali ya shaba kutoka Paris. Laiti amri ile ingeshikiliwa, nani angepata hasara?

Indonesia yenyewe imeonyesha njia iliyo bora. Taufik Hidayat naye aliiacha kambi mwaka 2009 akajitegemea, na mwaka uliofuata akafika fainali ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2024 mtu huyo huyo aliteuliwa kuwa naibu waziri wa vijana na michezo. Aliyetoka mlangoni hakufungiwa mlango.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yafaa viongozi wetu wajiulize "kwao" ni wapi. Kwao mchezaji si bweni la chama, wala si ofisi ya katibu. Ni nchi anayoiwakilisha. Sisi wa visiwani tunajua vijana wetu huvuka bahari kutafuta timu na walimu, na wakiondoka aghalabu huagwa kwa manung'uniko badala ya dua.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, kambi za vijana ziimarishwe, kwani bila ya kitalu hakuna shamba. Pili, mchezaji aliyekomaa awekeane na chama chake mkataba wa maandishi, unaoeleza ni lini atalitumikia taifa na ni lini atajitafutia riziki yake. Mkataba huo uandikwe mapema, kabla ya ugomvi, na uheshimiwe na pande zote mbili. Serikali ikifanya hivyo itakuwa imemtunza mchezaji wake, naye hatakuwa na sababu ya kusahau kwao.