Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametukataza israfu, na hilo halina mjadala. Basi tunakimbilia nini kila kiwanda kinapotangaza kioo kipya cha televisheni? Mtu ana runinga nzima, inaonyesha vizuri, anaiuza kwa bei ya kutupa ili akakope nyingine. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Mmesahau zile televisheni za 3D? Mwaka 2010, filamu ya Avatar ikiwa bado inawazuzua walimwengu, tuliaminishwa kwamba asiyevaa miwani sebuleni kwake hajaona kitu. Ilipofika 2017, LG na Sony, wakubwa wa mwisho kuzing'ang'ania, wakaziacha. Miwani sasa wanachezea watoto. Na simu ya kukunja ya Samsung je? Mwaka 2019, kwa bei ya karibu dola 2,000, ilicheleweshwa miezi kadhaa kwa sababu vioo viliharibika mikononi mwa waandishi waliopewa kuijaribu, wengine wakiwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni nailoni ya dukani.

Kisha ukaja wimbo wa 8K. Kioo hicho kina nukta zaidi ya milioni 33, lakini chaneli ya HD inayotoka kwenye king'amuzi chako, hata ikijitahidi, haizidi milioni mbili na ushei. Hizo nyingine atazijaza nani? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua ninyi wasomaji wangu ni watu wenye akili. Mama zetu hawanunui samaki bila kumfunua mashavu. Iweje baba mzima anunue televisheni kwa kusoma karatasi iliyobandikwa pembeni?

Wala sipingi maendeleo. Kioo cha OLED, ambacho msingi wake uliwekwa na Tang na Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, ni kazi ya kusifiwa: kila nukta hujiwakia yenyewe, na ikizimwa, cheusi huwa cheusi kweli. Lakini Sony ilipouza televisheni yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2007, ilikuwa ya inchi 11 tu, na ilipofika Marekani mwaka 2008 iliuzwa kwa dola 2,500. Leo kwa fedha pungufu ya hizo unapata ya inchi 55. Subira yavuta heri.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, hili nalo silimezi. Mgeni anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa, na mwenyeji hata sauti ya televisheni hapunguzi! Anamjulia hali macho yakiwa kwenye mpira. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu atapona vipi naye hata kumtazama mgeni hamtazami?

Tubadilike, jamani. Kabla ya kukopa, jiulize iliyopo ina kosa gani, na hiyo mpya utaionyeshea nini. Ukiridhika, nunua kwa fedha yako, na ujifunze mapema kitufe cha kuizimia kiko wapi.