Tusihesabu megawati kabla ya kusoma mwamba

Karibu kila habari ya jotoardhi inayoandikwa nchini inabeba namba ileile: zaidi ya megawati 5,000. Namba hiyo imezoeleka kiasi kwamba majirani zangu hapa Mwananyamala huniuliza umeme wa Mbeya utafika lini, kana kwamba umo kwenye basi lililokwama Chalinze. Wananiuliza mimi kwa kuwa wanajua nimestaafu kwenye maabara ya mawe. Kazi yangu ilikuwa kukata mwamba, kuubandika kwenye kioo na kuusaga mpaka ubaki unene wa milimita 0.03, mwanga uweze kuupenya, ndipo mtaalamu auweke chini ya hadubini. Jibu langu huwa haliwafurahishi: megawati hazipimwi kwa macho juu ya chemchemi. Mwenye habari kamili ni mwamba ulio chini, na sisi bado hatujajenga desturi ya kumsikiliza.

Tunapenda kujilinganisha na Kenya, na kweli wametutangulia mbali. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi. Lakini visima vya Olkaria vimechimbwa katika miamba ya volkano yenyewe, tabaka juu ya tabaka la lava na majivu. Kwetu hali si hiyo kila mahali. Rungwe na Ngozi ni volkano, sawa, ila chini na pembeni yake kuna mwamba wa kale: graniti na ndugu yake naisi, wenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Kiejo-Mbaka, wilayani Rungwe, chemchemi za moto zinatoka kwenye naisi, kufuata mpasuko wa Mbaka. Kwa hiyo anayetaka kuchimba huko hawezi kunakili somo la Naivasha neno kwa neno.

Graniti ina sifa ya ugumu. Ukienda Mwenge kununua meza ya jikoni, muuzaji atakuapia kwamba hata sufuria ikitoka jikoni ikiwa inachemka, jiwe halitadhurika. Kwa sufuria anasema kweli. Maji ya nyuzi 200 na zaidi, yaliyobeba chumvi na gesi ya kaboni, yakipita kwenye nyufa kwa maelfu ya miaka, ni habari nyingine. Biotaiti, ile mika nyeusi inayometameta, hugeuka kuwa kloraiti ya kijani. Feldispa nyeupe huliwa polepole na kuwa udongo laini uitwao ilaiti. Ndani ya nyufa huota epidoti ya kijani cha manjano, na silika iliyoyeyuka hutulia upya ikawa kwazi. Kwazi ya asili ya graniti ndiyo pekee inayobaki karibu vilevile.

Sisi wa kwenye mashine tuliyajua mabadiliko haya kwa mikono kabla hayajaandikwa kwenye ripoti. Graniti nzima hulia chini ya msumeno. Iliyopikwa na maji moto hukatika kimyakimya, kisha humomonyoka. Lazima kwanza uinyweshe gundi ishikamane. Na huisagi kwa maji, kwa sababu udongo ulio ndani huvimba na kipande kikaharibika. Tulitumia mafuta badala yake. Kijana aliyeisaga kwa maji kwa haraka ya kwenda nyumbani alirudi kesho yake kuanza upya.

Udongo huo una maana kubwa kwa mwenye kisima, kwa sababu mbili. Kwanza ni kipimajoto. Smektaiti, aina nyingine ya udongo huo, hukaa panapo joto la wastani. Joto likipita nyuzi 200 hivi, ilaiti huchukua nafasi yake. Epidoti kwa kawaida huanza kuonekana kwenye nyuzi 240 hivi. Pili, unaeleza njia ya maji. Feldispa ikiyeyuka huacha matundu ambamo maji hupita, lakini udongo na kwazi vikijaa kwenye matundu hayohayo, njia inazibwa. Maji yaleyale yaliyofungua mwamba ndiyo yanayoufunga. Kujua kisima chako kiko kwenye hatua ipi kati ya hizo mbili ndiko kujua kama una umeme au una shimo.

Wafaransa walilipia somo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1987 walianza kuchoronga huko Soultz-sous-Forêts, mkoa wa Alsace, wakifika hatimaye kilomita tano chini, penye nyuzi 200 hivi. Mradi ulianza kwa fikra ya graniti kavu ya moto, ambayo ingepasuliwa kwa msukumo wa maji kutoka juu. Wakakuta maji ya chumvi tayari yanatembea kwenye nyufa za kale, na kando ya nyufa hizo graniti imelika na kujaa udongo. Sehemu zilizoonekana kuoza ndizo zilizokuwa barabara za maji. Mtambo wa umeme ulikamilika miaka zaidi ya 20 baadaye, tena wa megawati moja na nusu hivi tu. Lakini somo halikupotea. Jirani yake, Rittershoffen, walichimba karibu nusu ya kina hicho, wakalenga mpasuko pale juu ya graniti, na tangu mwaka 2016 wanapeleka megawati 24 za joto kiwandani kwa bomba.

Basel, Uswisi, mambo yalikwenda vibaya. Desemba 2006 maji yaliyosukumwa kwenye graniti chini ya mji yaliamsha tetemeko la kipimo cha 3.4, na mradi ukafungwa. Mbeya iko kwenye bonde la ufa. Matetemeko si wageni. Kujua mpasuko umejaa nini kabla ya kuusukumia maji si anasa ya wasomi.

Sasa mtego wenyewe, ambao kwetu ni mkubwa kuliko Naivasha. Mwamba wa kale umepitia mengi. Naisi ya Mbeya iliwahi kubanwa na kupikwa chini ya milima ambayo leo haipo, na kijani cha kloraiti na epidoti ndani yake kinaweza kuwa cha wakati ule, si cha maji yanayochemka leo. Anayeona kijani akashangilia nyuzi 250 anaweza kuwa anashangilia moto uliozimika kabla ya kuwapo mnyama hata mmoja duniani. Njia ya kutenganisha ipo. Ndani ya kwazi na kalsaiti za kwenye nyufa hunaswa matone madogo sana ya maji, kila moja na kiputo chake. Ukilipasha joto tone hilo chini ya hadubini, kiputo hutoweka kwenye nyuzi fulani, na hapo unajua maji hayakuwa na joto chini ya hapo yaliponaswa. Linganisha na kipimajoto kilichoshushwa kisimani. Matone yakisema 250 na kisima kikisema 140, ujue umechelewa: chungu kimeshapoa.

Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, iliundwa mwaka 2013 chini ya TANESCO. Kwake, na kwa wizara iliyo juu yake, nina maombi matatu. Kwanza, chenga za mwamba zinazopanda na matope ya kuchoronga, pamoja na vigogo vya mwamba vinavyokatwa, visomwe hapahapa nchini, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wawepo kwenye mtambo zinapotoka. Pili, sampuli zote zihifadhiwe kwa Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, na mtafiti yeyote aruhusiwe kuzifungua. Tatu, kila megawati zinapotangazwa, na matokeo ya mwamba yatangazwe, yakiwamo mabaya. Kisima kimoja kirefu hula mamilioni ya dola. Gharama ya kuusoma mwamba wake haifiki hata chenji ya hapo.

Ipo hoja kwamba tayari tuna Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115, ya nini kuhangaika? Aliyekuwa Kinondoni wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 anajua bwawa linakunywa mvua, na mvua haina mkataba na mtu. Wengine wanasema wataalamu wa nje watatusomea. Watasoma, na vizuri. Lakini mkataba ukiisha huondoka na macho yao, na kisima hubaki kwetu kwa miaka 30 mingine, kikiziba taratibu bila wa kukielewa.

Atakayeona utunzaji wa sampuli ni mambo ya kizamani atazame Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza heliamu nyingi huko. Gesi hiyo hujikusanya ndani ya mwamba wa kale kwa mamilioni ya miaka, kisha joto la bonde la ufa huifungulia mlango. Wanajiolojia wa serikali walikuwa wameshapima gesi kwenye chemchemi zetu miongo mingi kabla, na maandishi yao yalitunzwa. Asingeyatunza mtu, nani angejua pa kuanzia?

Kwa hiyo waandishi wa habari, wabunge, nanyi majirani zangu: safari nyingine mkiambiwa megawati, ulizeni maswali matatu. Kisima kina nyuzi ngapi leo? Madini ya kwenye nyufa yanasema palikuwa na nyuzi ngapi? Na maji yanapita kiasi gani kwa sekunde? Asiye na majibu hayo matatu asitupe namba ya nne.